Mpiga mbizi, nunua kompyuta kwa macho yako, si kwa macho ya muuzaji

JE, mpenzi msomaji, ukurasa huu unausoma ukiwa umenyoosha mkono mbele kama mtu anayempokeza mwenziwe sinia? Je, mwanao ndiye anayekusomea maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa? Ikiwa umri wako umepita miaka 40, usishtuke. Hujalogwa wala hujapofuka. Macho yako yanafanya yale ambayo macho ya kila binadamu hufanya akijaliwa umri.

Nchi kavu jambo hili lina dawa rahisi, nayo ni miwani ya kusomea. Chini ya bahari huwezi kuivaa. Na huko ndiko wanakoelekea wengi wa rika letu siku hizi, watu ambao watoto wao wamemaliza masomo na sasa wamepata wasaa wa kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa kule Diani, Watamu au Kisite. Hufika na maswali chungu nzima. Kuna papa? Masikio yatauma? Moyo utahimili? Sijamsikia hata mmoja akiuliza: ile kompyuta ya mkononi nitaisomaje?

Hilo ndilo swali la juma hili, na jibu langu nalitoa mapema ili asiye na wakati asipitwe. Mwanagenzi asiyeona vizuri karibu anunue kompyuta ya mbizi anayoweza kuisoma kwa kuitupia jicho mara moja, akiwa amevaa kile tu atakachovaa majini. Mengine yote, yaani urembo, wingi wa kazi zake, jina la kampuni na maneno matamu ya muuzaji, yaje baadaye.

Dakika 28 ambazo hazikuwapo

Nasema hivi kwa kuwa yalinifika. Nilianza mchezo huu nikiwa na miaka 51. Siku ya tukio tulikuwa tumezama mara ya pili, kiasi cha mita 17, nami nilikuwa nimevaa kompyuta ya kuazima yenye umbo la saa ya kawaida. Skrini yake haikuzidi upana wa kifuniko cha chupa ya soda, na mle ndani zilijazana nambari tano au sita. Nikaitazama, nikaona 28. Nikajiambia kuwa nimebakiwa na dakika 28 za kukaa kina kile bila matata, nikaendelea kumfuata kasa aliyekuwa akipita.

Kumbe 28 ilikuwa muda ambao nilikuwa nimekwisha kukaa majini. Dakika zilizosalia zilikuwa 6, tena zimeandikwa kwa tarakimu ndogo pembeni, nami sikuziona kabisa. Kijana aliyekuwa akituongoza alikuja, akanishika kiwiko, akaitazama kompyuta, kisha akainua kidole gumba. Katika lugha ya wapiga mbizi ishara hiyo haina maana ya "vizuri". Maana yake ni "twende juu".

Tulipofika mashuani aliniuliza kwa adabu, "Mzee, wewe ulikuwa umeona dakika ngapi?" Nikamjibu kuwa maski yangu ilikuwa imeingia ukungu. Ulikuwa uongo. Maski ilikuwa safi kabisa. Niliona haya kumwambia kijana wa umri wa mwanangu kwamba sizioni nambari nilizozivaa mkononi mwangu mwenyewe. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi, kilio humuumbua. Siku ile kilio hakikufika, lakini kilikuwa njiani.

Macho na maji

Ndani ya jicho mna lenzi ambayo utotoni huwa laini. Tukitazama kitu cha karibu, misuli midogo huifanya lenzi hiyo inenepe ili picha itue sawasawa nyuma ya jicho. Miaka inavyokwenda, lenzi hukakamaa na misuli huhangaika bure. Aghalabu mtu huanza kuyahisi mabadiliko haya kati ya miaka 40 na 45, na huzidi polepole hadi anapokaribia au kupita miaka 60. Hakuna zoezi wala karoti itakayoirudishia lenzi ulaini wake.

Maji nayo yana hila zao. Kwa kuwa mwanga hupinda unapotoka majini na kuingia katika hewa iliyo ndani ya maski, vitu huonekana vikubwa zaidi kwa takriban theluthi moja. Muuzaji atakwambia, "Usijali, majini kila kitu huwa kikubwa." Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Vitu hivyo pia huonekana vikiwa karibu zaidi, kwenye robo tatu ya umbali wake halisi. Mkono ulio sentimita 60 mbele ya uso utauona kana kwamba uko sentimita 45, na karibu ndiko macho yetu yanakoshindwa.

Ongeza giza hapo. Maji hula mwanga, na mahali penye mwanga hafifu mboni ya jicho hupanuka. Mboni ikipanuka, ukungu wa maandishi huzidi. Ndiyo maana risiti unayoisoma mchana uwanjani, jioni inakushinda.

Nambari hizo ni za nini?

Pengine hujawahi kuiona kompyuta yenyewe. Ni chombo kinachovaliwa mkononi au kufungwa kwenye mpira unaotoka mtungini. Hupima kina na muda bila kukoma, kisha hukadiria kiasi cha naitrojeni iliyoingia mwilini. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo lililo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu. Ukiwa mita 20 chini, shinikizo ni mara tatu ya lile la ufuoni, na naitrojeni iliyo katika hewa unayovuta huyeyuka katika damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole, hutoka taratibu kupitia mapafuni. Ukikaa mno au ukipanda mbio, huweza kufanya mapovu, kama soda inapofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi na kizunguzungu, na hali ikiwa mbaya humpoozesha mtu.

J. S. Haldane na wenzake walichapisha nchini Uingereza mwaka 1908 majedwali ya kuwakinga wapiga mbizi na maradhi haya, baada ya majaribio waliyoyafanya kwa mbuzi. Kompyuta ya leo hufanya hesabu za ukoo huohuo, ila huzifanya papo hapo kwa kufuata safari yako wewe. Kwa hivyo kuna mambo matatu yasiyoweza kukosekana: kina ulichopo, dakika zilizosalia kabla hujalazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, na kasi ya kupanda. Wengi siku hizi hupendekeza kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, na kusimama kwa dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka.

Kompyuta ikiyasema haya yote kwa maandishi usiyoyaona, ni sawa na kutokuwa nayo. La, ni vibaya zaidi. Asiye nayo hujua kwamba hana. Wewe unadhani unajua.

Wanaopinga

Wako wanaosema kuwa mwanagenzi hana haja ya kununua chochote, amfuate tu kiongozi wake. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kompyuta ya kiongozi imehesabu safari ya kiongozi. Wewe ukishuka mita 3 chini yake kumtazama samaki, hesabu yako na yake zimeachana. Tena kiongozi ana watu kadhaa wa kuwachunga, na siku hutoshana: huenda atakapokuwa akimtazama mwingine ndipo wewe utakapokuwa ukisoma 28 mahali pa 6. Kila mtu awe na kompyuta yake, na asiipokezane na mwenziwe siku hiyohiyo, kwani inakumbuka naitrojeni ya aliyeivaa asubuhi.

Wengine husema, bandika lenzi kwenye maski, yatosha. Lenzi hizo ni vipande vidogo vya plastiki au silikoni vinavyobandikwa chini ya kioo cha maski kwa upande wa ndani, vikiwa na nguvu ya miwani yako ya kusomea. Zipo pia maski zilizotiwa lenzi za namna hiyo tangu kiwandani. Mimi ninazo na nakushauri uzitafute. Lakini lenzi ya kubandika hubanduka, maski husahaulika nyumbani, na siku utakayoazima maski nyingine utarudi ulikotoka. Mwenye fimbo hachagui kusudi njia yenye mashimo.

Ikiwa wewe ni miongoni mwa wale wasioona mbali, ambao nchi kavu wamezoea kuvua miwani ili wasome, sikiliza vizuri. Maski iliyotiwa lenzi za kuonea mbali huwezi kuivua chini ya maji. Utamwona samaki aliye ng'ambo ya mwamba, usiione kompyuta iliyo mkononi. Mwambie mpimaji macho mapema kwamba unataka kuona umbali wa samaki na umbali wa mkono. Ama lenzi za kuvaa jichoni, zile laini hutumiwa na wapiga mbizi, lakini maji huweza kuleta vijidudu vya kuambukiza jicho. Zungumza na daktari wako kwanza.

Jaribio la dukani

Sasa twende dukani. Chukua maski utakayoitumia baharini, ikiwa na lenzi zake kama unazo, uivae. Usione haya wateja wakicheka. Miwani ya kusomea ibaki mkobani. Mwombe muuzaji akuonyeshe skrini inavyokuwa mtu akiwa amezama, si inavyokuwa ikionyesha saa na tarehe. Simama mahali penye kivuli, mbali na dirisha, unyooshe mkono. Itazame kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Geuza uso, kisha useme kwa sauti: kina ni ngapi, dakika zilizosalia ni ngapi. Mwenzako athibitishe. Rudia mara kumi kwa nambari tofauti. Ukikosea hata mara moja, irudishe kabatini.

Zikague tarakimu zenyewe. Kompyuta nyingi za bei nafuu huunda tarakimu kwa vijiti vidogo kama saa za kidijitali. Kwa jicho lenye ukungu, 3, 6, 8 na 9 ni ndugu wa tumbo moja. Zikiwa kubwa na nene, ndugu hao hutambulikana.

Kagua mpangilio. Kina na dakika zilizosalia ziwe kubwa kuliko nambari nyingine, zikae mahali pamoja daima, wala zisipokezane nafasi na halijoto au saa ya mchana. Kosa langu la dakika 28 halikuwa la ukungu wa macho pekee. Lilikuwa pia la skrini iliyoipa nafasi kubwa nambari ambayo haikuwa na dharura.

Kagua mwanga. Skrini yenye maandishi meusi juu ya kijivu hutegemea mwanga wa nje, hivyo ni sharti iwe na taa ya ndani. Jua kitufe cha kuiwasha na taa hiyo hudumu kwa muda gani. Skrini ya rangi inayotoa mwanga wake yenyewe husomeka vyema zaidi penye giza. Huenda umesikia kwamba rangi nyekundu hupotea majini ndani ya mita chache. Ni kweli kwa mwanga wa jua unaotoka juu, lakini mwanga wa skrini husafiri kiasi cha nusu mita tu hadi kwenye jicho lako.

Kagua umbo na vitufe. Zile za umbo la saa hupendeza ofisini, lakini ofisini huzami. Chagua pana. Kwa mfano, Cressi Leonardo ni miongoni mwa zile za bei ya chini, ina kitufe kimoja na tarakimu kubwa. Shearwater Peregrine ina vitufe viwili, skrini ya rangi ya inchi 2.2 na mtetemo wa kukugutusha, na bei yake ni zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza. Sikuagizi ununue hii au ile. Macho yako yakiisoma ya bei ya chini bila taabu, usiongeze hata senti moja. Yakishindwa, basi hiyo ya rahisi itakugharimu zaidi.

Mlio wa onyo usikudanganye. Majini ni vigumu kujua sauti inatoka upande gani, na huenda ukadhani ni kompyuta ya mwenzako inayolia. Mtetemo mkononi ni bora. Lakini onyo ni la kumkumbusha aliyesahau kutazama. Halichukui nafasi ya kutazama.

Dira, ramani na kipimo cha hewa kisichotumia mpira viache kwanza. Kila unachoongeza kwenye skrini hupunguza nafasi ya tarakimu unazozihitaji. Hasa kwa hewa ya mtungi, mimi naitetea geji ya zamani yenye mshale. Mshale husomeka hata kwa ukungu, jinsi unavyoijua saa ya ukutani bila kuziona nambari zake. Jifunze tu mahali mshale unapotakiwa kuwa unapoanza kurudi, kwa kuwa sehemu iliyopakwa rangi nyekundu huonekana kama yenye giza ukiwa chini.

Nambari ya Jumapili

Kuna nambari moja zaidi, nayo husomwa nchi kavu. Baada ya kuzama, kompyuta huonyesha saa unazopaswa kungoja kabla ya kupanda ndege. Miongozo inayofuatwa na wengi husema angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na angalau saa 18 ikiwa umezama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Waliolazimika kusimama njiani kwa sababu ya naitrojeni hungoja zaidi.

Msomaji wa bara atasema, "Mimi narudi kwa gari moshi." Miongozo hiyo inahusu mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400, na Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Mwili haujui kama umepandishwa na ndege, gari moshi au basi. Kwa hivyo, anayezama Jumapili asubuhi na kupanda gari moshi alasiri anajiweka hatarini. Beba miwani yako ya kusomea mashuani, ndani ya mfuko usioingia maji, uisome nambari hiyo vizuri kabla ya kukata tiketi. Miwani hiyohiyo itakufaa unapoitayarisha kompyuta kabla ya kuzama.

Kabla ya duka, daktari

Ingawa nimeanza na duka, safari yako ianzie kwa daktari wa macho. Si kila ukungu ni wa umri. Ukungu unaobadilika siku hadi siku waweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kisukari. Mtoto wa jicho hufifisha mwanga. Shinikizo la ndani ya jicho huweza kuharibu uoni kimyakimya. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho asizame hadi aruhusiwe, na aliyewekewa povu la gesi ndani ya jicho asizame kabisa maadamu povu hilo lingalimo. Fomu ya afya ambayo wapiga mbizi wengi hujaza ina swali linalowahusu waliopita miaka 45. Lijibu kwa ukweli, maana moyo nao huzeeka pamoja na macho.

Nina ombi kwa wanaofunza na kuongoza wapiga mbizi pwani. Wekeni walau kompyuta moja au mbili za tarakimu kubwa kwa ajili ya kuazimisha. Na kabla mashua haijang'oa nanga, mwambieni kila aliyepita miaka 40 avae maski yake, anyooshe mkono na asome nambari kwa sauti. Hilo halichukui hata dakika moja, na litamwondolea mzee haya ya kulisema mwenyewe.

Nawe, mpenzi msomaji, usingoje kuulizwa. Mimi nilirudi kwa kijana yule mwezi uliofuata nikiwa na maski yenye lenzi na kompyuta pana kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Nikamwambia, "Siku ile maski haikuwa na ukungu. Bila miwani sisomi karibu." Hakucheka. Alinishukuru, akaniweka upande wake wa kulia, na tangu siku hiyo kila tukifika chini hunionyesha mkono wake ulionyooka, nami humwonyesha kwa vidole dakika nilizobakisha. Hadi leo hatujatofautiana.